Mistari Miwili ya Mzazi

Hana alisimama juu ya tundu la choo cha wasichana, daftari la Nyanzala kwapani, akisikiliza fagio za wenzake zikikwaruza uwanja.

Daftari lilikuwa limejaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Halikuwa na jina. Lilinuka pumba. Hana hakulifunua. Aliona kwamba akilifunua atayasoma maswali yaliyomo, na akiyasoma atakuwa mwizi. Yeye hakutaka kuiba. Alitaka tu lisiwepo.

Alikuwa wa kwanza tangu darasa la pili. Mama yake, aliyefariki mwezi wa tatu, alimwacha akiwa wa kwanza. Siku moja kabla ya kufariki alimshika kidole, maana mkono mzima ulimshinda, akamwambia, "Usije ukashuka, mama." Hana akaitikia.

Kisha shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, akaja Nyanzala darasa la tano. Wazazi wake walikuwa wafugaji, wamehamia na ng'ombe wao mbele ya mashine ya mpunga, njia ya Kibaoni. Msichana mrefu, mpole, mwenye kandambili za matairi. Majaribio matatu ya Ijumaa yakapita. Hana akawa wa pili, wa pili, wa pili.

"Shikamoo, wa kwanza mstaafu!" Ezekia alimtania, darasa zima likacheka. "Nyie, mpisheni mzee apite!"

Lakini Hana aliijua siri ya Nyanzala.

Kila Ijumaa Mwalimu Danford aliandika ubaoni mambo waliyojifunza wiki ile na kazi za wiki inayofuata. Wote walinakili, na chini wakaacha mistari miwili kwa ajili ya maoni ya mzazi. Zamani mama yake Hana aliijaza kwa maneno yaleyale, hata kama Hana amepata yote: *Nimeona. Hana aongeze bidii.* Siku hizi mistari yake ilirudi mitupu. Baba alichora sahihi kama ndoana pembeni, basi. Hakuwa mtu wa maneno.

Kengele ikishalia, wengine wakitoka, Mwalimu alifungua kabati akamkabidhi Nyanzala daftari lile. Jumatatu Nyanzala alilirudisha. Wiki hata wiki. Hakuna mwingine aliyepewa kitu.

"Mwalimu, na mimi naomba daftari kama la Nyanzala," Hana alisema siku moja.

Mwalimu Danford alimtazama hadi Hana akainamisha macho. "Katika darasa zima, Hana, wewe ndiye siwezi kukupa."

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa kambale. Hakulimeza, hakulitema. Hadi Jumatatu hii, Nyanzala alipoweka begi chini akaenda kuchota maji ya kumwagilia maua.

Hana akaachia mkono. Daftari likatumbukia.

Darasani Nyanzala alilipindua begi lake mara tatu. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nitamwambia nini, Mwalimu?"

Hana akadhani Nyanzala anamwogopa baba yake wa nyumbani kwao, na wala hakumwonea huruma. Mwalimu hakumchapa mtu. Alikaa kitini, akatazama dirishani upande wa mashine ya mpunga, mpaka kipindi cha kwanza kikaisha.

Ijumaa walifanya jaribio la desimali na mfumo wa chakula. Hana alipata arobaini na nane. Nyanzala arobaini na nne.

"Mstaafu karudi kazini!" Ezekia akapiga kelele. Wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote alikuwa Nyanzala.

Hana alikimbia njia nzima hadi nyumbani. Baba yake, Silvesta, alikuwa amerudi kutoka mashineni mapema kuliko kawaida, nyusi nyeupe kwa pumba. Akamwonyesha ukurasa.

"Nisomee, mama," Baba akasema, kama anavyosema kila Ijumaa. "Macho yangu yamejaa vumbi."

Hana akasoma: wiki hii, desimali na mfumo wa chakula. Wiki ijayo, sehemu, ramani ya mkoa wetu, na insha kuhusu mtu ninayempenda. Wa kwanza, Hana Silvesta.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye shati, akaomba kalamu.

Hakuchora ndoana. Aliinama juu ya ile mistari miwili, ncha ya ulimi nje, akaandika herufi moja moja, kubwa, zimepinda kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo:

*Nimeona. Hana aonge*

Kalamu ikasimama. Akaiinua, akaandika kitu hewani, akatikisa kichwa.

"Nimefika hapo tu, mama," akasema. "Yaliyobaki Mwalimu aliniandikia kwenye daftari, na Nyanzala anayeniletea pale mashineni anasema limepotea."