Aliyepigwa na Radi

Radi ilipasua anga, kisha likafuata yowe la mwanamke. Wanaume waliokuwa wakiimba kanisani walitoka mbio, wakamkuta Tobia kalala kwenye tope kando ya zizi, na mkewe Sarafina kashikwa na wanawake asimkaribie. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: aliyepigwa na radi haguswi mpaka mganga wa mvua amsafishe, na mganga alikuwa ng'ambo ya mto.

"Anahema!" Sarafina alilia. "Hamkioni kifua chake?"

Amosi, kijana mmoja wa waimbaji hao, alikiona. Akapiga hatua.

"Simama hapo hapo, mwanangu," alisema Mzee Habakuki, mwenyekiti wa wanaume wa kanisa. "Radi hurudi. Ukimgusa, itakufuata mpaka kitandani."

"Mzee, Jumapili ulituambia tuvae silaha zote za Mungu."

"Basi zivae ukiwa nyumbani kwako!" mmoja akadakia, na wenzake wakacheka kicheko cha woga.

Amosi hakungoja wamalize kucheka. Aliinama akaushika mkono wa Tobia. Ulikuwa na joto. Wanaume wakarudi nyuma huku yeye akimwinua na kumbeba mgongoni, kichwa cha mgonjwa kikamlalia begani. Juu yao wingu jeusi likanguruma tena.

"Shemeji," alimwambia Sarafina, "mumeo simtui mpaka mlango wa hospitali. Nikianguka njiani nitaanguka naye, na nitanyanyuka naye."