Kilichobaki Begani

"Simjui mumeo, dada," mpiga picha alirudia, akiitumbukiza karatasi majini. Alikuwa ameipaka masizi na gundi, akaianika juani chini ya filamu aliyoileta Zaituni, ya mwisho kabla mumewe hajapotea.

Masizi yakaanza kuachia taratibu kama moshi. Uso wa mume ukatokea, mweusi na laini kama mahameli. Begani pake palikuwa na kivuli, na mpiga picha akakifuata haraka kwa brashi.

"Wewe! Unafuta nini?"

"Uchafu tu."

"Basi uache. Maji yatauondoa."

Brashi ikasimama hewani. Kivuli kikawa mkono, kidole chake cha mwisho kimekatika nchani. Mpiga picha akautia mkono wake wa kushoto mfukoni.

Maji yalizidi kuwa meusi.