Kipimo Kisichokata

Nyiramahoro aligoma kulala kitandani. Alisimama katikati ya chumba cha ekografi, fimbo mkononi, akihema kama aliyetoka kukimbiza ng'ombe, akasema kifua chake hakifunguliwi na mtoto wa mtu.

"Hatufungue kitu, Mama," alisema Octave, fundi wa mashine. "Hakuna kisu, hakuna sindano. Ninapaka mafuta, ninapitisha hii juu ya ngozi, tunaona vile moyo inakaza na kulegea. Ninapima nguvu yake, basi."

"Aanze huyu," alisema mama, akimwonyesha binti yake Belyse kwa kidevu.

Octave hakuelewa. Belyse alielewa vizuri sana. Kwao Bijombo, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo nawe unakunywa. Aliyemshusha mama mpaka Uvira ni yeye, haya, aonje.

Akampa mama mtoto wake Lionel, wa miezi mitatu, akavua viatu vilivyombana tangu asubuhi, akalala. Walikuwa wametembea siku mbili kuteremka mlima, mama akisimama kila baada ya hatua chache. Belyse alisimama naye, na kusema kweli, hakuchukia. Mtoto mgongoni si mchezo. Hata sasa kulala chali kulimchosha, akaomba mto wa pili.

Octave hakuwa na haraka. Alipitisha kile kidude kifuani, akarudia, akarudia tena, macho kwenye skrini. Mtu mwema huyu, Belyse aliwaza, anataka mama aone mpaka aridhike.

Na mama akaridhika. Alilala, akapimwa, akalalamika tu kwamba mafuta ni ya baridi. Kisha Octave akachukua karatasi na kwenda mlangoni.

"Mungoje. Ninaita munganga."

Hapo Belyse alijua. Fundi haiti daktari kwa habari njema. Alimtazama mama akimbembeleza Lionel huku pumzi zikimkatika, hana habari, na machozi yakamlenga. Afanye nini? Mtu unampokea mzigo njiani. Moyo wake utaupokeaje?

Daktari Olga alikuja, akasimama na Octave mlangoni. Walinong'ona, lakini Belyse alisikia.

"Makumi mbili na mbili kwa mia? Moyo muzima inapita makumi tano. Umepima vizuri?"

"Mara tatu, dokta."

Belyse hakungoja waingie. Aliwafuata, akamshika daktari mkono.

"Dokta, ninakuomba. Usimwambie mama yangu, atakufa na woga. Uniambie miye. Miye ndiye mukubwa kwetu, nitavumilia."

Olga alimtazama usoni, akashusha macho mpaka kwenye miguu yake iliyovimba. Kisha akamkalisha kwenye kiti, taratibu, akaingia ndani na kuchuchumaa mbele ya Nyiramahoro.

"Mama, kuhema kwako ni mapafu tu, dawa iko. Moyo yako iko na nguvu," alisema. "Mutoto atabaki na weye. Binti yako hatoki hapa leo."