Picha ya Mwisho ya Vitalis

"Usiiguse usoni, kaka," Rose alisema, akaifungua leso juu ya meza ya mpiga picha. "Ndiyo pekee niliyonayo."

Jafari alifuta vidole kwenye suruali kabla ya kuipokea. Ilikuwa picha ndogo ya mraba, ya zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, yenye ukingo wa buluu. Ndani yake mwanamume alicheka kando ya ukuta wa matofali, kichwa kimekuwa cheupe kwa vumbi la machimbo. Mkono wa mtoto, ambaye mwenyewe hakuingia pichani, ulikuwa umemshika kidole.

"Ni mume wangu, Vitalis. Jumamosi tunamsomea misa ya kumbukumbu kule Chiungutwa. Nataka ikuzwe, niiweke mbele ya altare. Masasi mjini wameshindwa, wakaniambia nipande huku Newala, wewe ndiye unayezijua hizi."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Ni mwaka wa kumi sasa."

Hakuwa amepoa. Vitalis alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba rubi, akiahidi kurudi kabla ya msimu wa korosho. Badala yake alirudi rafiki yake Gasper, peke yake, na habari kwamba shimo limeporomoka na maiti haikupatikana. Wakakaa matanga bila jeneza. Tangu hapo Rose, aliyekuwa bado msichana wa watu, hata mtoto hajajaliwa, akabaki na mama mkwe wake, Bibi Yuliana. Alimlimia, alimwokotea korosho, alimkanda miguu ilipoanza kufa ganzi. Mwalimu Amon, mtu wa Singida, alipoleta posa, Bibi Yuliana aligoma kula.

"Machozi ya mwanangu hayajakauka," alilia, "na wewe unatafuta mwingine?"

Rose akairudisha posa. Amon aliomba uhamisho, akaenda zake.

Picha yenyewe ilikuja mwaka huu, wakati wa masika. Mvua ilimtoa Rose shambani mapema, akamkuta Gasper ndani akimwonyesha Bibi Yuliana. Gasper aliruka kitini.

"Nimeikuta kwenye mizigo yangu ya zamani, shemeji," alisema haraka. "Mzungu mmoja, mnunuzi wa mawe, ndiye aliyempiga. Wiki ile ile ya ajali. Huyo mtoto ni wa jirani tu."

Bibi Yuliana alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Rose naye akalia. Aliomba apewe picha, na hakuna aliyethubutu kumnyima. Tangu siku hiyo alilala nayo chini ya mto.

Sasa Jafari aliiweka karibu na dirisha, uso umemchangamka kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Na mimi ninayo kamera ya hivi," alisema, akionyesha rafuni. "Ya marehemu baba. Kiwanda cha filamu zake kilipofungwa, zikapotea. Nikaifungia kabatini, nikajua imekufa. Kumbe huko Ulaya walitokea watu wakainunua mitambo, wakajifunza kuzitengeneza upya. Sasa maharusi wa hapa hawaitaki simu, wanaitaka hii, waishike wakiiona inavyojichora." Alipapasa ukingo wa picha. "Ila buluu hii sikubahatika kuipata. Niliiagiza Dar, wakaniambia imeshaisha. Nyie mmeipata wapi?"

"Ilipigwa Msumbiji, kabla hajafariki."

Jafari akaigeuza picha, akaitazama mgongo, akaigeuza tena.

"Dada, umesema mwaka wa kumi?"

"Ndiyo."

"Basi hapo pana kosa. Filamu za zamani ukingo wake ni mweupe. Hawa wapya ndio walioleta mambo ya rangi, na buluu hii wameitoa mwaka jana."

Rose aliinama juu ya picha. Alimtazama mumewe kichwani, akamtazama tena.

Lile halikuwa vumbi. Zilikuwa mvi.

Hata hakujua amepandaje bodaboda. Njia nzima ya kuteremka kutoka Newala upepo ulimkausha machozi, mengine yakaja. Mwongo mkubwa, Gasper! Kumla mtu ujana wake kwa neno moja la mdomo! Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachopiga kama ngoma: yu hai. Pengine aliumia akapoteza kumbukumbu za kwao. Pengine alifungwa. Mtoto yule, Rose hakutaka kumfikiria kwanza. Alichotaka ni kufika tu, amwambie yule mama aliyejifunika kanga na kumlilia mwanawe miaka yote hii, kwamba afute machozi.

Alimkuta Bibi Yuliana uani, akipepeta mbaazi. Hata shikamoo aliisahau. Alipiga magoti mchangani, akamkamata mikono yote miwili, mbaazi zikamwagika.

"Mama! Gasper ametudanganya! Vitalis yu hai!"

Mikono ya Bibi Yuliana ilitulia tuli ndani ya mikono yake. Mama mkwe alitupa jicho upande wa majirani, akaona hakuna mtu, akashusha pumzi.

"Kila mwaka namwonya huyu Gasper," alisema kwa sauti ya chini. "Akileta habari za huko, aje wewe ukiwa shamba."