Kanga na Neno Lisilo na Maana

Kanga alijua kusimulia hasa, ila roho yake ilitaka kitabu. Akaipeleka hadithi yake kwa Korongo, mchapishaji aliyetoka ng'ambo.

"Hili neno 'Paukwa' hapa mwanzoni," Korongo akauliza, "maana yake nini?"

"Halina maana, bwana. Ni la kuitikiwa."

"Basi nalifuta. Mimi sichapi upuuzi."

Kanga akaliwazia jina lake juu ya jalada, akakubali.

Kitabu kilipotoka, kiking'aa, aliwakusanya majirani akawasomea chote. Hakuna aliyecheka wala kuguna. Akakifunga.

Kobe, bingwa wa subira, ndiye aliyechoka kwanza.

"Jirani," akasema, "'Pakawa' tunayo mdomoni tangu tulipokaa. Utaanza lini?"