Moyo wa Baba Sekela

Hospitali zilikuwa hazitengenezi tena moyo wa mashine wa mtu aliyetimiza miaka hamsini. Kazi hiyo waliachiwa watoto wake. Ndiyo maana Anyosisye, mgane wa Tukuyu, alimfundisha ufundi binti yake Sekela tangu akiwa mdogo: kwanza pasi, kisha redio, kisha pampu ya maji.

Sekela alikuwa darasa la tatu siku baba yake alipovua shati, akalala mkekani na kumpa bisibisi.

"Nikikosea je, baba?"

"Pampu hukuikosea. Na huu ni vilevile."

Sekela alifungua kifuniko cha kifuani, akachomoa vali iliyochakaa. Mashine ikazimika, na macho ya baba yakageuka meupe. Mtoto hakulia. Alipachika vali mpya, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, mpaka mlio ukarudi.

Anyosisye alipozinduka alimkumbatia. "Sasa unaweza kujitegemea, mwanangu."

Jioni wenzake walikuja kumwita wakacheze rede. Sekela aliwajibu mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba hawezi kutoka kwa sababu baba amelala.

Anyosisye alikuwa macho. Alimsikia, wala hakumwambia aende.