Korongo na Bwawa Liling'aalo

Moshi wa tanuri la Fisi ulipanda mawinguni kila siku, ukarudi na mvua iliyowasha ngozi. Chura alitaga bwawani mara tatu, na mara zote tatu mayai yakafa. Akaenda kwa Korongo, mwenyekiti wa bwawa.

"Mheshimiwa, maji yamekuwa makali kama ndimu. Wanangu wanakwisha."

"Acha hizo, mama! Lini bwawa hili limewahi kung'aa hivi? Mtu unaona mpaka chini."

"Na huko chini unaona nini?"

Korongo akainama kwa maringo, akatazama. Hakukuwa na samaki, wala kiluwiluwi, wala hata konokono.

"Kwani leo umekula nini, mheshimiwa?"

"Sijala," Korongo akanong'ona. "Siku ya nne hii."

Chura, aliyekuja akiwa mfiwa, akajikuta yeye ndiye anayetoa pole.